Sebule ya Wanaouguza

Tunduma, 16 Februari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Umeamkaje, na mgongo umekuachia? Baba mdogo Severini naye, ule mguu wake unasemaje? Huku kwetu ni baridi na ukungu, malori yamepanga foleni ya mpakani hadi yanaziba mlango wa duka langu. Violeth ameanza kidato cha kwanza, yuko bweni kwa masista kule Mbozi. Baba yake, Beno, anakusalimu sana. Yuko Zambia kwenye biashara ya mahindi, hana siku ya kutulia nyumbani.

Utashangaa naandika barua kama zamani nilipokuwa shule. Nifanyeje? Tangu Krismasi napiga simu yako haipokelewi. Juzi ikapokelewa na msichana nisiyemjua, akaniambia, "Mama Klementina alinipa hii simu na laini yake humohumo." Nikadhani ni mwizi. Nikamtukana. Akakata.

Halafu Remigius wa mama mkubwa akapita hapa na fuso la mchele. Nikampikia, tukakaa, nikamuuliza, "Mama hajambo?"

Akasema, "Mama mdogo hajambo. Ila nimekaa chini."

"Chini wapi?"

"Kwenye mkeka, dada. Sebule yote haina kitu. Nikiongea, sauti yangu inanirudia kama niko kanisani."

Mama, chakula kilinishinda. Makochi yako wapi? Kabati la vyombo? Runinga, meza ya kulia, zulia? Friza je? Vitu vile nilivituma kimoja kimoja kwa miaka, nikijinyima, ili wewe na marehemu baba mkae kama watu. Mwaka haujaisha tangu tumzike, nyumba imeshakuwa gofu? Kama ni baba mdogo anavichukua, niambie. Kama una shida ya fedha, kwa nini husemi? Kama kuna mchungaji wa mjini amekudanganya utoe sadaka, niambie nije nipambane naye.

Nijibu haraka. Mpe konda wa basi la Mbeya, huku kuna mtu atanifikishia.

Mwanao,
Dativa


Ifakara, 9 Machi 2025

Mwanangu Dativa,

Marahaba. Barua yako iliachwa kwenye duka la stendi, ikakaa hapo mpaka mwenye duka aliponikuta kanisani akanikumbuka. Mgongo ni uleule, nimeuzoea. Mpunga wa kule Namawala umeanza kubeba, kwa hiyo kazi yangu sasa ni kuamia ndege. Nashinda shambani napiga debe na kupayuka, narudi sauti imekauka. Severini mguu wake bado umevimba, lakini mdomo ni mzima kabisa. Nimemshukuru Mungu kwa ajili ya Violeth. Baba yake naye umpe salamu zangu, atakapokuwa amerudi.

Sasa hayo uliyouliza. Hakuna aliyeniibia. Sijarogwa, na mchungaji nimjue wapi, mimi mtu wa misa ya kwanza miaka yote. Yule msichana uliyemtukana ni mwanakwaya wetu, mtoto wa watu, umwombe radhi siku ukija. Simu nilimpa kwa mkono wangu. Usininunulie nyingine.

Vitu nimevitoa mimi. Makochi, baada ya mafuriko ya mwaka jana, tuliyaanika juani na kuyapiga kwa fimbo, yakatoa vumbi la tope wiki nzima. Mvua ikinyesha yalinuka mto upya. Fundi mmoja amechukua mbao zake. Kabati na meza amepewa binti wa Severini aliyeolewa. Zulia lilioza. Runinga iko kwenye shule ya watoto ya parokia, sijui kama inawaka. Friza nilimwambia Severini aiondoe. Sikumuuliza alikoipeleka, na wewe usimuulize.

Watu huona nyumba tupu wakadhani mwenyewe ana shida. Mimi nilikuwa na shida nyumba ilipojaa. Nilikuwa mlinzi wa vitu, Dativa. Asubuhi kufuta vumbi, jioni kufunika vitambaa, nikienda kisimani nafunga kufuli. Jumuiya nikaacha kwenda kwa kuogopa wezi. Wageni nikiwakaribisha, macho yangu yako kwenye vikombe vyao visimwagikie kitambaa. Sasa nina kitanda changu, sufuria, kinu, majembe, ndoo na mikeka. Mlango unashinda wazi.

Na si kwamba nakaa peke yangu. Mwezi wa kumi na moja nilipeleka uji hospitali kwa mgonjwa wa jumuiya yetu. Nje ya wodi ya watoto nikamkuta mama mmoja wa Malinyi, anaitwa Kandida, amejikunja kwenye varanda, mvua inampiga upande mmoja. Mtoto wake, Agnetha, amelazwa, figo. Nikamuuliza, "Unalala hapahapa?" Akanijibu, "Nilale wapi, mama? Ifakara simjui mtu." Nikamchukua. Alilala sebuleni kwenye mkeka. Kesho yake akaniuliza kama mwenzake mmoja naye anaweza kuja. Tangu hapo hawajakatika. Leo wako watano, wote wanaouguza. Alfajiri wanapika uji wa wagonjwa wao kwenye jiko langu, wanaondoka, jioni wanarudi na habari nzuri au mbaya. Tunasali, tunalala.

Usihangaike. Sijawahi kuwa na kazi kama hii tangu baba yako aondoke.

Mama yako,
Klementina


Tunduma, 6 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima. Beno anawasalimu.

Barua yako nimeisoma nikairudia. Mama, umegawa jasho langu. Hukuniuliza hata siku moja. Ungesema, "Dativa, makochi yananuka," ningetuma mengine. Ungesema unataka kuwasaidia wagonjwa, ningekupa ukawapelekea. Lakini kugeuza nyumba ya baba gesti ya watu usiowajua! Hujui nani ana kifua kikuu, hujui nani mwizi. Pale alipokuwa anakaa baba akisikiliza taarifa ya habari, leo anatandika mkeka mtu wa Malinyi ambaye hata jina la baba halijui.

Ndugu wananipigia. Shangazi ameniuliza kwa upole kabisa, "Dativa mwanangu, mmefilisika?" Unajua nilivyojisikia? Mimi ndiye niliyeijaza nyumba ile. Kila aliyeingia alisema, huyu mzee ana mtoto. Baba mwenyewe alikuwa anawaita wapita njia waje wanywe maji ya baridi kutoka kwenye friza, aliniambia kwenye simu akicheka. Alivipenda vitu vile. Ukivitupa kama takataka, basi baba

Basi. Niishie hapo.

Misa yake ya mwaka sitaweza kuja. Kazi imenibana na siwezi kuacha duka. Nimeshaongea na Remigius, atakuletea seti mpya ya makochi, ya rangi ya kahawia, haishiki uchafu. Wale wanawake uwaombe kwa heshima watafute mahali. Usiniaibishe, mama. Nakuomba kwa magoti.

Dativa


Ifakara, 18 Mei 2025

Mwanangu Dativa,

Marahaba. Nilichelewa kwa sababu mvua ilikata barabara, mabasi yakawa yanaishia njiani. Mto Lumemo ulijaa tena, tukakesha roho juu, lakini safari hii haukutoka kingoni. Mpunga mwingine umelala. Severini amelazwa siku chache kwa ule mguu, katoka.

Misa ya baba yako ilisomwa Jumamosi. Kanisani tulikuwa wachache, nusu ya ukoo hawakuja. Severini alisema wamechukia habari za nyumba. Lakini wanawake wangu walikuja wote, waliokuwa na zamu ya mgonjwa wakapeana nafasi. Kandida ndiye aliyepika. Agnetha alikuwa ameruhusiwa wiki ile, akakaa mbele na mimi, amevimba uso, ameshika maua ya baba yako kama kwamba alimjua. Makaburini aliniuliza, "Bibi, babu alikuwa mgonjwa wa nini?" Nikamwambia, "Hakuwa mgonjwa." Akainama akayaweka maua. Watoto wanaolazwa sana hawaulizi mara mbili.

Wewe hukuja. Nilikutafuta mlangoni mpaka padri alipoanza.

Makochi yalifika. Remigius alisimamisha fuso uani, akashuka akauliza, "Mama mdogo, niyashushe wapi?"

"Usishushe."

"Dativa ataniua."

Dativa, aliposema neno hilo nilikaa chini palepale kwenye mchanga. Yeye alidhani ni jua. Akaniletea maji, akawa ananiomba samahani bila kujua ya nini. Basi makochi yapo kwake, kwenye banda la mpunga, bado yamevaa nailoni. Yatoe upendavyo. Kwangu hayaingii. Si kiburi, na wala sijadharau jasho lako. Chumba kile sitaki kijae tena, na sababu usinilazimishe kuiandika.

Jambo la mwisho. Remigius alipokuwa anakunywa maji alinieleza habari fulani za Beno ambazo sikumuuliza. Sitaziandika hapa. Ukitaka kuniambia utaniambia, usipotaka mimi bado ni mama yako.

Klementina


Tunduma, 22 Juni 2025

Mama,

Shikamoo.

Sina salamu za mtu wa kukuletea.

Umeandika nisikulazimishe. Nakulazimisha. Siku ya mafuriko nilipiga simu, mkiwa mmekimbilia shuleni. Niliongea na baba. Tangu siku ile sijamwambia mtu, hata Violeth. Msibani nilikuwa nakuangalia, nikisubiri useme, hukusema. Baba mdogo akatangaza mbele ya watu kwamba baba alirudi nyumbani kumfungua mbuzi, maji yakamchukua. Nikashika hilo. Kila nikilala nasema, ni mbuzi, ni mbuzi.

Kisha wewe ukaanza kutoa vitu vyangu kimoja baada ya kingine, na friza ukasema hutaki kujua ilipo.

Ni mbuzi, mama?

Dativa


Ifakara, 10 Agosti 2025

Mwanangu Dativa,

Marahaba, mama. Barua yako niliipata mwezi wa saba nikaiweka ndani ya Biblia. Kila nikikaa niijibu nilikuwa nakumbuka kazi. Mavuno yakanipa kisingizio. Sasa yameisha, mpunga uko ndani, si mwingi. Severini amekatwa kidole kimoja cha mguu. Agnetha karudishwa wodini.

Severini hataki nikuandikie. Jana nilimwambia, "Shemeji, mtoto ameuliza." Akasema, "Mwambie mbuzi. Mbuzi inatosha. Huo ukweli utamrudisha nani?" Nikamjibu, "Hautamrudisha mtu. Lakini uongo unamla mwanangu, na mimi siko kule kumwona anavyoliwa." Akachukua fimbo yake akaenda.

Mbuzi tulikuwa tumeshamtoa. Nilimvuta mwenyewe kwa kamba mpaka shuleni.

Maji yalikuja asubuhi, watoto wakiwa wamevaa sare. Baba yako alitoka uani, akaangalia rangi ya maji, akarudi akaniambia, "Haya si ya kukaa nayo. Twende." Unamjua. Alifanya kazi kwenye pantoni ya Kivukoni tangu hujazaliwa mpaka daraja lilipokamilika, maji alikuwa anayasoma kama mtu anavyosoma gazeti. Tukapanda shuleni pamoja na majirani. Alikuwa salama, Dativa. Alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yamegusa kidevu, anakunywa chai ya mtu na kuwatania wanawake.

Ndipo ulipopiga. Unajua alivyokuwa, simu yako lazima aweke sauti ya nje ili watu wote wasikie ana mtoto. Kwa hiyo nami nilisikia. Uliuliza, "Baba, mko salama?" Akasema, "Wote tuko salama." Hilo ndilo uliloliuliza kwanza, ulishike. Kisha ukauliza, "Na vitu?" Akasema, "Vitu tumeviacha." Ukasema, "Jamani baba, friza hata mwezi haijamaliza! Si mngeinyanyua hata juu ya meza?" Akacheka. Akasema, "Ngoja nione."

Akanipa simu, akaanza kukunja suruali.

Nikamwambia, "Apolinari, kaa."

"Naiweka juu ya meza, narudi."

"Maji yanapanda."

"Yako magotini. Mto mzima nimeuvuka maisha yangu yote, leo nishindwe na maji ya sebuleni kwangu?"

"Iache iharibike."

Akanitazama kama mtu aliyeona haya, akasema, "Klementina, ataona hatukuthamini."

Akashuka. Severini alimfuata hadi njia panda, mkondo ukamyumbisha, akarudi. Sisi tukasimama kwenye ukingo wa shule tunaita. Mvua ilikuwa inapiga mabati, hatukusikia kitu.

Majirani walipofika nyumbani na mtumbwi hawakuweza kufungua mlango. Ikabidi kusubiri maji yashuke, wakauvunja. Mimi nilikuwepo, Severini alinizuia nikamsukuma. Watu hudhani vitu vizito huzama. Friza ilielea, mwanangu. Makochi yalielea, kabati lilielea, vyote vikasukumwa vikajazana mlangoni, na mlango wenyewe unafungukia ndani. Madirisha yana nondo, ulizilipia wewe ili wezi wasiingie. Hakuwa na pa kupita. Nilimkuta amesimama, kabati nyuma, friza mbele, vimembana hakuanguka. Chumba kilijaa mno, hata maiti haikupata pa kulala.

Kwa hiyo simu ile sikuweza kuishika. Na sebule, kila nilipoingia nilikuwa natafuta pa kutokea. Nilipoanza kutoa vitu sikuwa na fikra yoyote nzuri, nilitaka kupumua tu. Kandida alipolala pale usiku wa kwanza nilimsikia akipumua gizani, na mimi nikapata usingizi. Sasa unajua kwa nini nataka watu walale pale. Nataka pale mahali pasikike pumzi.

Sitakudanganya kwamba sikukukasirikia. Msibani uliponiangukia kifuani, mikono yangu ilikuwa mizito, haikutaka kukushika. Nadhani ulihisi. Ilikaa hivyo muda mrefu. Nilipokuwa natoa makochi yako sehemu ya moyo wangu ilikuwa inakutoa wewe, na hilo nimelipeleka kwenye kitubio.

Hukumuua baba yako. Ulikuwa mbali, maji ulikuwa huyaoni, ulisema neno ambalo mtoto yeyote angesema. Lakini siwezi kukuambia kwamba neno lile halikufanya kitu, maana ungejua nakubembeleza. Lilifanya. Na langu la kumzuia halikutosha, na yeye alikuwa mtu mzima, alikwenda kwa miguu yake. Mzigo ni huo. Tukiugawana utabebeka, kila mtu akibeba peke yake hautabebeka.

Niandikie hata mstari mmoja, nijue umesoma ukabaki mzima.

Mama yako,
Klementina


Tunduma, 21 Septemba 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Nimesoma, niko mzima. Niliisomea dukani nimesimama, nikajikuta nimekaa juu ya boksi la sabuni, mteja ananiuliza, "Mama, umepatwa na nini?" Nikafunga duka mchana.

Habari za nyumbani sijui niandike zipi, kwa sababu nilizokuwa nakuandikia hazikuwa za kweli. Beno hayuko kwenye mahindi. Aliondoka kabla ya msiba wa baba. Yuko Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, nikisimama barabarani naona mabati ya mtaa wao. Ana mwanamke na mtoto mdogo. Mazikoni alikuja kwa sababu nilimbembeleza, nikamlipia na suti. Remigius alikuambia kweli.

Alipoondoka ndipo nilipoanza kununua kwelikweli. Kila mwezi asiporudi nanunua kitu, cha hapa na cha kwenu. Nikishusha kitu kipya, majirani wakitoka kuangalia, kwa siku mbili tatu nilikuwa mtu. Friza ile niliinunua wiki niliyosikia mtoto wao amezaliwa. Nilitaka baba aseme mbele ya watu, "Mwanangu na mumewe wamenitumia." Akasema. Nilimsikia anasema.

Violeth alikuja likizo ya mwezi wa sita. Akasimama sebuleni na madaftari yake akaniuliza, "Mama, nikasomee wapi?" Nikaangalia. Meza ziko tatu, zote zina vitu juu, na vitu vyenyewe vimefunikwa. Alisomea kitandani. Shule ilipofunguliwa akawaomba masista likizo ijayo abaki bwenini asaidie bustani. Sista mkuu ndiye aliyenipigia kuniuliza kama kuna tatizo. Nikasema hakuna.

Baada ya barua yako nimeanza kutoa. Nilidhani nitakuwa mwepesi, kama wewe. Mama, sikuwa mwepesi. Kila kinachotoka, kelele inaingia mahali pake. Chumba cha kwanza kilipokuwa kitupu nilikaa sakafuni nikalia mpaka mwenye nyumba akagonga. Nilikuwa namwona baba amesimama. Sasa imebaki godoro na jiko, na nyumba naiacha mwisho wa mwezi ujao wa kumi. Duka nimemwachia mwenzangu aendeshe. Sijui kama nitalirudia.

Nataka kuja. Sisemi kuja kutembea. Pale sebuleni pana nafasi ya kulala? Nitaweza kulala pale, mama? Violeth nimemwandikia yote. Amejibu kwamba Desemba anataka aje Ifakara, si bwenini.

Sijawahi kuja nyumbani bila kitu mkononi. Niambie nije na nini.

Mwanao,
Dativa


Ifakara, 12 Oktoba 2025

Mwanangu Dativa,

Marahaba, marahaba tena. Barua yako imefika siku mbaya, nami nikaishikilia siku nzima bila kuifungua.

Agnetha amefariki. Alikuwa ameanza kula, Jumapili akanituma nimletee ndizi mbivu, nikampelekea, akala nusu. Jumanne asubuhi daktari akamwita mama yake pembeni. Kandida hakulia hospitali. Alitembea mpaka hapa, akaingia, akaanza kukunja nguo za mtoto moja moja vizuri kabisa, sisi tunamtazama, mpaka akafika kwenye soksi, akakosa moja. Hapo ndipo alipolia. Severini, aliyekuwa akiwaita wanawake hawa wapangaji wasiolipa, amechechemea mjini na mguu wake mpaka akampata mtu wa pikapu aliyekubali kupeleka mwili Malinyi. Tumemsindikiza mpaka daraja la Kivukoni. Wengine walirudi, wana wagonjwa. Mimi nilibaki pale mpaka gari lilipopotea.

Nakuandikia haya usije ukadhani unakuja mahali pa furaha. Watoto hupona pia, wiki iliyopita wawili wameruhusiwa, mama zao walicheza hapa uani hadi jirani akaja kutazama. Lakini wengine hawaponi, na wakifa, wanafia mikononi mwetu. Hayo ndiyo maisha niliyoyapata nilipotoa vitu. Nisingeyabadilisha, lakini ni mazito.

Kama utaweza kulala pale, sijui. Mimi ilinichukua miezi. Ukishindwa, utalala chumbani kwangu miguuni pangu kama zamani, na mlango tutauacha wazi. Siku mikono yangu iliyokuwa mizito itakapokushika utajua mwenyewe, sina haja ya kuieleza.

Kuhusu Beno, tutaongea tukiwa tunachambua mchele, si kwenye karatasi.

Unauliza uje na nini. Najua ilivyo aibu mtoto kurudi kwao mikono mitupu. Njoo hivyohivyo. Watakaosema waseme.

Ila kuna kazi moja. Ukishuka stendi usije nyumbani moja kwa moja, pitia hospitali. Nje ya wodi ya watoto, karibu na bomba, utamkuta mama mmoja kijana kutoka Mkula. Amekuja na mtoto wa kwanza, usiku analala chini, hamjui mtu hapa mjini. Nimemwambia aje akanijibu anaogopa kumsumbua mwenye nyumba. Jina lake nimesahau kumuuliza. Kaa naye kidogo, umsalimie, umsikilize. Kisha mwambie wewe ni mtoto wa nyumba, na nafasi ipo. Mje pamoja.

Mama yako,
Klementina